Habari za Jino la Minka Farkas na Vita Vilivyopiganwa Juu Yake

Sogeeni, nyinyi mliochoshwa na vita vya kila siku! Wanaopenda habari za miji iliyozingirwa na majabari waliokatana kwa panga wazitafute kwingine, maana ni nyingi na zote zinafanana. Mimi nawaletea vita ambavyo ndani yake hapakuwa na farasi, wala ngao, wala ngome iliyochomwa moto. Palikuwa na jino moja, la mbele, la juu, upande wa kulia, dogo kama punje ya mchele, na kwa ajili ya jino hilo watu wazima sita wenye akili timamu, wanne kati yao wakiwa na shahada, walikusanyika mji wa Burbank, California, siku ya Ijumaa mchana kweupe, wakafanya mambo ambayo watoto wao wasingeruhusiwa kuyafanya. Tegeni masikio. Na mwenye kitu mdomoni atafune polepole, kwa heshima.

Mwenye jino alikuwa Minka Farkas, binti wa miaka saba na miezi minne, mfupi hata ilimbidi kupanda juu ya kreti la soda ili mdomo wake uifikie maikrofoni. Kwa misimu miwili yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Sindano, kitinda mimba wa familia ya nungunungu katika katuni ya kuchekesha iitwayo Akina Miiba, na Jumapili jioni nyumba nyingi ziliacha kugombana ili zimsikie. Lakini uso wake hakuna aliyeujua. Aliweza kusimama foleni ya dukani nyuma ya watoto waliovaa fulana zenye picha ya Sindano, naye ameshika maziwa ya mamake, na hakuna aliyegeuka.

Shuleni alikuwa na sifa nyingine, nayo ilimuuma. Katika darasa la pili zima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado na meno yote ya utotoni. Wenzake walikuwa na mapengo ya kila namna: waliyapenyeza mirija ya juisi, waliyapigia miluzi, waliyatemea mate kwa shabaha ya ajabu, naye Minka alikaa kati yao na kinywa kilichojaa, kama mtu aliyekuja msibani amevaa nguo za harusi. Basi jino lile lilipoanza kucheza siku ya Jumatatu, alilipokea kama taifa linavyopokea habari za mrithi wa kiti cha enzi. Hakumwambia mtu. Alilisukuma kwa ulimi asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa upole, kama mchungaji mwenye kondoo mmoja.

Sasa sikieni jinsi uhasama ulivyoingia.

Juma lile Akina Miiba walikuwa na kipindi cha kuisuta Hollywood yenyewe. Hadithi ilikuwa hivi: kampuni kubwa ya sinema inauvamia mtaa wa nungunungu kupiga picha ya vita, inamwona Sindano akiruka kamba, inamfanya nyota. Siku ya pili inamnyima usingizi. Siku ya tatu inamng'oa miiba, mmoja mmoja, ili akumbatike vizuri mbele ya kamera. Mwishowe Sindano, kipara kama yai, anapanda juu ya kiti cha mwongozaji na kunguruma maneno ambayo waandishi tisa walikuwa wameyalilia wiki tatu: "Sasa basi! Mimi si sanamu ya sinema, mimi ni mtoto!" Kilikuwa kipindi kikali, chenye uchungu, kisichomwonea haya yeyote anayewatesa watoto kwa ajili ya burudani. Na kwa kuwa kilikuwa kimechelewa, Minka aliamshwa saa kumi na moja alfajiri aje kukimalizia.

Maneno yale alikuwa ameshayasema mwezi uliopita, na mdomo wa Sindano ulikuwa umeshachorwa kuyafuata. Lakini wakubwa wa ghorofa ya juu walikaa kikao, wakala biskuti, wakaona kwamba "mimi" ni neno lenye ubinafsi, na kwamba watazamaji wa siku hizi wanapenda "sisi". Kwa hiyo mtoto akatolewa darasani ili kubadilisha neno moja. Kazi ya dakika tano, alisema mtayarishaji, Bi. Corliss wa Simu Mbili, mwanamke aliyeweza kumfukuza mtu kwa mkono wa kulia huku akimwajiri mwingine kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, kwenye meza yenye vitufe mia mbili, alikaa Hovsep, fundi sauti, mzee wa masikio makubwa na maneno machache. Kando yake alisimama Desmond Trask mwenye viatu vyeupe, mtunzi wa katuni nzima. Huyu naye utotoni alikuwa nyota: alipokuwa na miaka saba uso wake ulichapwa kwenye maboksi ya nafaka ya asubuhi, na taifa zima lilimmwagia maziwa. Jambo hilo lilimwachia jeraha, na jeraha hilo alilisimulia kwenye kila kikao, kila chakula cha jioni, na kila mahojiano, akiapa kwamba katika himaya yake hakuna mtoto atakayeonja aliyoyaonja yeye.

Minka alisema maneno yake mara ya kwanza, yakatoka vizuri. Akayasema mara ya pili, yakatoka vizuri zaidi. Desmond akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Tamu sana, kipenzi. Hebu turudie, ila sasa weka huzuni ya karne nzima."

"Karne ni nini, anko?"

"Miaka mia."

"Mimi nina saba."

"Basi weka ya saba. Iliyobaki tutaongeza kwenye kompyuta."

Wakarudia. Wakarudia kwa hasira, wakarudia kwa hasira iliyochoka, wakarudia kwa hasira ya mtu aliyesamehe. Jua likapanda juu ya milima ya Burbank, watu wakaingia kazini na wengine wakatoka, na mle ndani mtoto aliendelea kunguruma kwamba yeye si sanamu, na kila alipomaliza aliombwa angurume tena. Mamake, Noreen Farkas, alikaa kwenye sofa la pembeni akimwonyesha dole gumba. Zamani aliwahi kuoshwa nywele katika tangazo la shampuu, na mpaka leo, akiitwa, hugeuza kichwa polepole.

Ilipofika mara ya ishirini na tisa, Hovsep mwenye masikio aliinua kidole.

"Kuna upepo," akasema.

"Upepo gani?" akauliza Desmond. "Chumba hicho hakina hata tundu."

"Upepo wa mdomoni. 's' yake inapiga mluzi."

Bi. Corliss akaziweka simu zote mbili mezani. Mara ya mwisho kufanya hivyo palikuwa na tetemeko la ardhi. Akaingia ndani, akainama mbele ya kreti la soda, akatabasamu kwa meno yaliyogharimu kuliko gari la watu.

"Fungua mdomo, malkia wangu."

Malkia akafunga mdomo.

"Fungua kidogo tu, nikupe stika."

Aibu iliyoje, enyi wasikilizaji! Ngome imara kuliko zote huanguka kwa hongo ndogo kuliko zote. Minka akafungua, ukucha mwekundu ukaingia, ukalisukuma jino, nalo likainama mbele na kurudi nyuma kama mlinzi mlevi. Bi. Corliss akatoka amepauka.

"Linacheza," akatangaza. "Mungu wangu, linacheza."

Baraza la vita likakaa papo hapo. Bi. Corliss akasimama katikati ya chumba, akakohoa, akahutubia:

"Ndugu zangu! Tunazo wiki tano hadi mwisho wa msimu. Sindano ana meno yote. Taifa linamjua akiwa na meno yote. Wanasesere wake wameshatengenezwa, na wana meno yote! Leo jino likianguka, kesho 's' itaanguka, na 's' ikianguka, nani atasema 'Sindano'? Na mkataba unasema, kifungu cha kumi na tisa, kwamba sauti, meno na uchangamfu wa mtoto vitatunzwa katika hali vilivyopokelewa."

"Kama gari la kukodi," akasema Hovsep.

"Kabisa," akasema Bi. Corliss, asione kejeli iko wapi.

Basi akaitwa daktari wa meno, jirani wa mtaa wa pili, akaja na mkoba na uso wa mtu aliyezoea kupigiwa simu na watu wa sinema. Alilichungulia jino, akasema lina siku mbili au tatu za kuishi, lakini lipo jambo linaloweza kufanyika: kulifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani zake, kama mbuzi kwenye kigingi, mpaka msimu uishe. Itahitaji ganzi, sindano moja ufizini, na sahihi ya mzazi.

Karatasi ikatolewa. Kalamu ikatolewa. Noreen akaitwa, akageuza kichwa polepole.

"Ataumia?" akauliza.

"Kama kuchomwa na mwiba," akasema Bi. Corliss. "Dada, tusifichane. Wewe unaijua kazi hii. Mlango huu ukifungwa haugongwi mara ya pili. Wako watoto mia tatu nje pale wenye sauti hiyo hiyo na ufizi mgumu."

Noreen aliishika kalamu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Aliyajua yale ya mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje ya mlango huo miaka kumi na moja, nywele zikiwa safi.

Na Minka, juu ya kreti lake, alikuwa amesikia kila neno, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzima spika ya chumba cha kurekodia. Sindano ya ganzi hakuiogopa, sindano zilikuwa nyingi maishani mwake. Aliogopa kufungiwa kitu chake mwenyewe ndani ya mdomo wake mwenyewe. Akaisogelea maikrofoni.

"Sitaki," akasema.

Desmond Trask akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mmesikia? Mmesikia hiyo? Hovsep, umeinasa? Hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta tangu asubuhi! Kipenzi, sema tena!"

"Sitaki!"

"Maajabu! Mtoto ana kipaji, jamani! Sasa shikilia hisia hiyo hiyo, useme yaliyoandikwa kwenye karatasi."

Hapo ndipo ulipovuma upepo mwingine katika uwanja wa vita. Kutoka kona ya chumba, nyuma ya rundo la madaftari, aliinuka Mwalimu Imelda Quiroz. Huyu hakuajiriwa kwa kupenda kwao. Sheria ya jimbo inataka kila mtoto anayefanya kazi hizi awe na mwalimu wake wa kumfundisha na kumlinda, na tangu asubuhi alikuwa amekaa pale, kimya, akisahihisha hesabu za kutoa na kuitazama saa yake ya mkononi, saa kubwa ya kiume iliyoogopwa na studio zote za bonde lile kuliko moto wa nyikani.

"Saa saba kasorobo," akasema Mwalimu Quiroz. "Chakula."

"Dakika tano tu, Mwalimu," akasihi Bi. Corliss.

"Dakika tano hizo mmezila tangu saa mbili. Nusu saa hii si ya kampuni, si ya mtunzi, si ya daktari, si ya mdomo uliochorwa. Ni ya tumbo la mtoto, na sheria imeiandika kwa wino. Anayetaka kuigusa aanze na mimi."

Hakuna aliyetaka kuanza naye.

Chakula chenyewe kilikuwa msiba. Mara tu jino liliposhukiwa, jikoni palitumwa amri, na Minka akaletewa kwenye chumba cha masomo sahani yenye viazi vilivyopondwa, supu iliyochujwa, na kitu chekundu kilichotetemeka. Mwalimu Quiroz naye alikuwa na chakula chake, alichokinunua kwa mzee wa mkokoteni aliyesimama langoni akipuliza honi: hindi zima la kuchemsha, limechomekwa kijiti, limepakwa jibini na pilipili na kukamuliwa ndimu. Harufu yake ilijaza chumba. Minka aliitazama supu yake, kisha akalitazama hindi.

"Mwalimu," akasema, "jino langu ni la nani?"

"Wewe unaonaje?"

"Bi. Corliss anasema mkataba."

"Mkataba nimeusoma, mara mbili, kwa sababu nina usingizi mbaya. Sauti yako wameikodi. Jino wameandika litunzwe. Hawajaandika ni lao."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwalimu Quiroz akafuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Mimi nimewekwa na sheria, mama. Juu ya meno sina maoni." Akasimama. "Nakwenda kunawa mikono. Hindi langu nimeliacha hapo. Ni gumu hilo, haliliki ila kwa meno ya mbele. Mtu asiliguse." Alipofika mlangoni akageuka. "Na mimi nanawa vizuri sana. Huchukua dakika kumi."

Nyoosheni migongo sasa, maana shujaa ameachwa peke yake na silaha yake. Wengine walipewa panga zilizofuliwa milimani na wahunzi vipofu. Minka binti Noreen alipewa hindi. Alilichukua kwa mikono miwili, jibini likamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, akatoka akinyata kwa soksi ukumbini, akapita nyuma ya daktari aliyekuwa akinyoosha waya, akajitosa katika chumba cha kurekodia, chumba chenye mlango mnene kuliko yote, akaufunga na kusukuma kreti la soda nyuma yake.

Mtu mmoja alimwona. Hovsep alikuwa mezani pake nyuma ya kioo, akila mkate na jibini na majani ya mnanaa. Mtoto na mzee wakatazamana. Minka akaweka kidole midomoni. Hovsep alikuwa na wajukuu sita. Alitazama hindi, akatazama jino, akaelewa mkakati wote kama jenerali mstaafu. Akafuta vidole vyake kwenye leso, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akaendelea na mkate wake.

Ng'ato la kwanza lilipigwa na kushindwa. Minka alilivamia hindi kwa pembeni, punje zikapasuka, pilipili ikamwingia, jino likainama likarudi. Machozi yakamlenga. Alipumzika, akapumua. Katika chumba kile hakuna kinachopumua bila kusikika, na pumzi yake ilivuma katika spika kubwa za upande wa pili kama ya tembo aliyejeruhiwa. Ndiyo iliyowaleta.

Wakaingia wote kwa pamoja chumbani mwa Hovsep: Bi. Corliss, daktari na waya wake, Noreen na karatasi yake, Desmond na viatu vyake vyeupe. Wakamwona kupitia kioo, ameshika hindi mbele ya uso wake kama mkuki.

"Mnyang'anyeni hilo hindi!" akapiga kelele Bi. Corliss.

Daktari akausukuma mlango, kreti likagoma. Akasukuma tena, kreti, ambalo kwa misimu miwili lilikanyagwa bila kushukuriwa, likagoma tena. Desmond Trask akajitupa kwenye kitufe cha kuongea.

"Minka! Kipenzi! Ni anko Desmond. Weka hindi chini, tuongee kama wasanii." Minka hakuliweka chini, lakini aliacha kung'ata akasikiliza, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu. Desmond akaendelea kwa sauti ya huruma nyingi. "Unadhani sikuelewi? Mimi pia, nikiwa na miaka saba, jino langu lilicheza katikati ya matangazo. Hilo hilo la mbele! Wakalitoa, wakanibandika la plastiki. Nikalivaa miezi mitano. Nikalala nalo. Na nitazame, nilikufa? Sikufa! Nimekuwa mtu mkubwa."

Minka akafikiri.

"La kwako liko wapi, anko?"

"Lipi?"

"Jino lako. Lile la kweli."

Desmond akafungua mdomo. Jeraha lile alikuwa amelisimulia mara elfu, na lilikuwa na maboksi ya nafaka ndani yake, na taa kali, na watu wazima waliopiga makofi. Lakini jino halikuwemo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sijui," akasema. "Nadhani walilitupa."

Kidole chake kilibaki kwenye kitufe.

"Pole, anko," akasema.

Kisha akalipiga hindi ng'ato la pili. Oh, ng'ato! Hakulivamia kwa pembeni safari hii. Alilikabili uso kwa uso, akazamisha meno ya mbele mpaka kwenye gunzi, akafumba macho, akavuta kwa shingo, kwa mabega, kwa soksi zake zote mbili. Spika zikatoa mlio mmoja mkavu, *tik*, mlio mdogo ambao masikio ya Hovsep yaliutambua na kuuheshimu. Noreen akajishika shavu lake mwenyewe.

Minka akafumbua macho. Akapeleka ulimi mahali pale, ukakuta hewa.

Lakini jino lenyewe liko wapi? Hofu ikamshika kuliko ya waya. Hakuwa amelimeza? Akaliinua hindi kwenye mwanga, akalikagua mstari kwa mstari, kama jemadari anayekagua askari waliosimama gwaride, wote weupe, wote wamenyooka, wote wamepakwa jibini. Mpaka mstari wa nne, askari wa sita, ambaye hakuwa askari. Akamchomoa kwa kucha mbili. Alikuwa na doa la damu na alikuwa mzuri mno.

Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka juu ya kioo. Damu ilimchuruzika kidevuni. Nyuso zote za watu wazima zilikuwa zimebanana pale, pua zimekandamizwa kwenye kioo, na Minka hakuhitaji karatasi.

"Thatha bathi!" akanguruma. "Mimi thi thanamu! Mimi ni mtoto!"

Akaketi sakafuni.

Noreen ndiye wa kwanza kusogea. Alimpita daktari, akaweka bega kwenye mlango, na lile kreti, ambalo nalo lilijua kutofautisha adui na mama, likateleza. Alipiga magoti mbele ya bintiye, akamfuta kidevu kwa mkono wa gauni lake zuri.

"Linauma?"

"Hapana. Kidogo. Mama, nimelipata, liko hapa mkononi!"

"Nione." Akatazama pengo kwa muda, kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho hakikuwa cha tangazo lolote, na machozi yakamtoka. "Niguse?"

"Gutha, lakini tharatibu."

Karatasi ya ruhusa, ambayo hakuwa ameitia sahihi, ikapata kazi ya maana: Noreen aliikunja mara nne, akalifunga jino ndani yake.

Upande wa pili wa kioo Bi. Corliss alimgeukia Hovsep. Aliomba kusikilizishwa tena. Hovsep akarudisha nyuma: pumzi, *tik*, ukimya, ngurumo. Akaomba mara ya tatu. Kisha akanyakua simu zote mbili.

"Hallo? Ndiyo. Tumepata. Hapana, si 'sisi', ni 'mimi', 'sisi' ilikuwa ya kizamani. Na ana pengo. Sindano ana pengo! Ndiyo, tuliliona mapema, ilikuwa mipango yetu. Mtoto ametoa jino lake kwa ajili ya sanaa." Akaziba simu moja kwa kifua, akamgeukia daktari. "Hilo jipya linaota lini?"

"Miezi miwili, mitatu."

"Unaweza kulizuia?"

"Bibi, hayo yako kwa Mungu."

"Wakala wa Mungu ni nani?" akauliza Bi. Corliss, kalamu mkononi.

Desmond Trask alikuwa ameingia ndani kimya kimya na kuchuchumaa, viatu vyake vyeupe vikikanyaga pilipili.

"Naweza kuliona?"

Minka akamtazama mamake, kisha akafungua karatasi kidogo tu, kama mfua dhahabu anayemwonyesha mteja asiyemwamini.

"Tazama, uthiguthe."

Alitazama. Alikaa hivyo mpaka magoti yakamlia.

"Ni dogo," akasema.

"Ni kubwa," akasema Minka.

"Kweli," akakubali mtunzi. "Ni kubwa sana."

Ndipo mlango wa ukumbini ukafunguka, akaingia Mwalimu Quiroz na mikono iliyotakata kuliko ya daktari wa upasuaji. Akatazama damu, akatazama kioo, akalitazama hindi.

"Nani amekula chakula changu?"

"Mimi, Mwalimu. Thamahani."

"Umekula robo tu. Chakula hakiachwi." Akainua mkono wenye saa. "Na muda wako bado, una dakika kumi na moja. Wengine wote, ila mama, nje."

Bi. Corliss alitaka kusema jambo kuhusu mara moja zaidi, mara moja tu, kwa usalama. Mwalimu akaigonga saa kwa ukucha. Wakatoka.

Iandikwe basi, na anayeandika asitetemeke mkono: kwamba siku ile ya Ijumaa, tangu saa saba na dakika nne hadi saa saba na robo, kazi ilisimama katika studio nzima, kwamba daktari mmoja, mtayarishaji mmoja na mtunzi mmoja walisimama nyuma ya kioo mikono mitupu, hawakusema, hawakupiga simu, wakingoja, na kwamba ndani, ameegemea bega la mamake, Minka Farkas alikaa sakafuni akila hindi kwa meno ya pembeni, bila haraka yoyote, mpaka kwenye gunzi.